Herufi ya Kwanza ya Jina la Papa

Mwezi mmoja baada ya Papa, baba yangu, kuzikwa Bukavu, niliingia katika duka la vitabu vya mitumba kwenye barabara kuu ya Kilburn ili kukwepa mvua. Sikuwa natafuta kitabu. Kazi yangu ni ukalimani, na siku hiyo nilikuwa nimetoka hospitalini kumtafsiria mgonjwa. Nilitaka tu mahali pa kusimama mpaka basi lije. Nyuma ya kaunta palikuwa na kabati la vioo, na ndani yake vitabu vyembamba vya watoto ambavyo majalada yake yalikuwa yamepauka: mzee anayevua samaki kwenye ukungu, msichana na bata wake, joka lenye ndevu ndefu. Nikasogea mpaka kwenye kaunta. Mwenye duka, mama wa makamo mwenye miwani, akaniuliza kama ningependa kukiona kimoja. Alisema vilichapwa China zamani, kwamba siku hizi wakusanyaji wanavitafuta sana, hasa vile ambavyo watoto hawakuvichorachora. Akanipa kile cha joka. Kilikuwa cha Kiingereza, na hadithi yake sikuijua, lakini nilipokifungua harufu ilikuwa ile ile: gundi iliyozeeka, karatasi iliyowahi kuloa ikakauka, na kitu kama majani makavu ya chai. Nikamrudishia kitabu chake, nikamshukuru, nikatoka mvuani.

Ninyi mliokua wakati mmoja na mimi, katika nyumba za wazazi waliotoka mbali, mnajua kwamba kila nyumba ilikuwa na kitu kimoja kilichobebwa safari nzima kwa sababu ambayo mgeni asingeielewa. Kwa wengine ilikuwa sufuria, kwa wengine picha ya harusi. Kwetu vilikuwa vitabu vitano vya hadithi za Kichina, vilivyoandikwa kwa Kiswahili.

Papa alivinunua Kigoma, tulipokuwa wakimbizi, kwa mtu aliyekuwa akiuza vitabu vya shule iliyofungwa. Mhuri wa shule hiyo ulikuwa bado kwenye ukurasa wa kwanza, na pini za katikati zilikuwa zimeshika kutu. Kule Bukavu, Papa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kambini hakuwa na shule, kwa hiyo aliwakusanya watoto nje ya hema, akawasomea hivyo hivyo vitano, na vilipokwisha akaanza upya. Mimi nilizijua herufi humo. Ndiyo maana mpaka leo Kiswahili changu kina harufu ya kitabu, na Mama, ambaye hajawahi kuacha Kiswahili cha Bukavu, husema ninaongea kama redio.

Mama na mimi tulitangulia kufika London, nikiwa na miaka mitano. Papa alitufuata miaka miwili baadaye, kwa njia ambayo hakupenda kuisimulia, na vile vitabu vikiwa chini kabisa ya begi lake. Mama alikuwa amekwisha kupata karatasi zake za kukaa. Papa hakupata. Walifungishwa ndoa na mchungaji wa kambini ambaye hakuwa na mhuri wala cheti cha kuwapa, na hata jina la Papa lilikuwa limeandikwa namna mbili katika vijikaratasi alivyokuwa navyo. Haya yote niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba Mama alikwenda kazini kuwahudumia wazee, na Papa, ambaye hakuruhusiwa kufanya kazi, alikuwa wangu.

Alinichukua shuleni kila siku. Alisimama mbali kidogo na wazazi wengine, ndani ya koti refu la kijivu alilopewa kanisani, mikono nyuma, kama mwalimu anayesubiri kengele. Nyumbani alichemsha chai ya maziwa, tukaketi kwenye meza ya jikoni, mgongo wangu ukiwa karibu na hita, na akafungua kitabu. Aliniita mama, kama wanaume wa kwetu wanavyowaita binti zao. "Leo tunasoma kipi, mama?" Nami kila siku nilichagua kile kile.

Kilikuwa hadithi ya bibi mmoja mfuga bata, aliyeishi na mjukuu wake kando ya mto. Chini ya ardhi palikuwa na mji, na katika mji huo mlikuwa na karani mwenye daftari kubwa lenye majina ya watu wote. Siku ya mtu ikifika, karani alipanda juu na daftari lake, akalinganisha jina lililomo na jina lililoandikwa kwenye kibao cha mlangoni, kisha akaondoka na mwenye jina. Mchoraji alimpa joho jeusi, uso usio na hasira hata kidogo, na kofia yenye mabawa mawili yaliyotokeza upande huu na huu kama masikio ya punda. Uso ule mpole ndio ulionitisha zaidi. Mjukuu alipomwona anakuja akivuka daraja, alichukua brashi, akaongeza mstari mmoja tu kwenye jina la bibi yake. Karani akafika, akasoma, akasoma tena, akaona hakuna mtu kama huyo hapo. Akafunga daftari lake, akarudi alikotoka huku mvua ikimnyeshea.

"Mstari mmoja tu?" nilimuuliza Papa kila mara.

"Mmoja tu," alisema. "Maandishi yao ni hivyo. Ukizidisha mstari, jina linakuwa la mtu mwingine."

"Na karani hakukasirika?"

"Karani hana hasira, mama. Karani anafuata kilichoandikwa."

Kila baada ya wiki mbili Papa alikwenda Croydon kusaini katika ofisi ya uhamiaji. Neno hilo, Croydon, lilitamkwa nyumbani kwetu kwa sauti ya chini. Jana yake Mama alipiga pasi shati lake jeupe. Asubuhi Papa hakula. Aliporudi jioni alivua viatu, akavipanga mlangoni, kisha akasema, "Haya, tumepata wiki mbili nyingine," na Mama akapumua. Mimi nilidhani Croydon ni mahali ambapo watu hugawiwa siku za kuishi.

Safari moja shule zilikuwa zimefungwa na Mama alikuwa kazini, kwa hiyo Papa akanichukua. Tulipanda treni mbili. Tuliposhuka niliona majengo marefu ya ofisi yaliyosimama bega kwa bega, na tramu ikipita katikati ya barabara bila kelele. Nje ya jengo moja watu walikuwa wamepanga foleni, wengine na watoto, wengine na mabegi. Ndani tulivua makoti, tukapekuliwa, tukaketi, mpaka Papa akaitwa kwenye dirisha.

Nyuma ya kioo alikuwepo kijana mwenye uso mpole. Kichwani alivaa vile vifaa vya kusikilizia simu, vyeusi, vimetokeza juu ya masikio yake upande huu na huu. Alimuuliza Papa jina lake. Papa akalitaja, kisha akalitaja tena herufi kwa herufi, kwa Kiingereza chake cha taratibu: C, U, B, A, K, A. Kijana akaangalia kwenye kompyuta, akaangalia kadi ya Papa, akalinganisha. Kisha akanitazama mimi, akatabasamu, akanipungia mkono.

Nilijificha nyuma ya koti la Papa. Nilikuwa na miaka minane, najua vizuri kwamba majoka na mizimu ni mambo ya vitabuni, na bado nilimtambua yule mtu. Kwenye treni ya kurudi Papa aliniuliza mbona nimenyamaza. Nikamwambia tumbo linaniuma.

Wiki iliyofuata bahasha nene ikaja kutoka kwa wakili. Ndani mlikuwa na fomu ya kuomba kukaa, ambayo Papa alipaswa kuijaza kwa mkono wake, kwa wino mweusi na herufi kubwa. Aliijaza mchana kutwa, kamusi pembeni, akisimama kila mara kunyoosha mgongo. Niliporudi shuleni nilimkuta anamalizia. Aliniacha na kikombe changu cha chai, akashuka kutupa takataka.

Fomu ilikuwa mezani na kalamu juu yake. Jina lake lilikuwa katika kurasa nne. Nilichukua kalamu, na kwenye kila C nikaongeza mstari mfupi ulalao, pale chini inapojikunja, ikawa G. Mahali pengine pia palikuwa na mwaka wake wa kuzaliwa, nikaifanya moja kuwa saba, kwa kuongeza kofia ndogo. Nilifanya kwa uangalifu mkubwa, ulimi nje, kama alivyonifundisha kuandika. Nilipomaliza nilipuliza wino ukauke, nikairudisha kalamu ilivyokuwa. Sikumbuki furaha nyingine ya utotoni iliyofanana na ile. Papa alirudi, akanawa mikono, akaipanga fomu ndani ya bahasha bila kuisoma tena, akaibandika. Asubuhi tuliitumbukiza pamoja katika sanduku la posta tukielekea shule. Aliniinua ili nifikie tundu.

Jibu lilikuja kutoka Croydon baada ya wiki kadhaa. Papa alisoma barua akiwa amesimama, kisha akaketi akaisoma tena. Ndani yake mlikuwa na nakala ya ukurasa wa kwanza wa fomu yake. Aliuweka mbele yake. Alichukua kipande cha karatasi, akaandika C, akaongeza mstari mfupi chini, akautazama. Kisha akainua macho akanitazama mimi, niliyekuwa nikichora upande wa pili wa meza. Alinitazama kwa muda mrefu. Nilimtabasamia.

"Mama," alisema, "niletee kile kitabu cha bibi wa bata."

Nikamletea. Alikifungua kwenye ukurasa ambapo msichana ameshika brashi, karani yuko darajani. Hakuusoma. Aliupitisha mkono juu yake kana kwamba anaulainisha, akakifunga, akaniambia nikamalize kuchora.

Jioni ile wakili alipiga simu, na Papa alizungumza naye akiwa amesimama ukutani. Nilikuwa nimekwisha kujua Kiingereza kuliko yeye, kwa hiyo nilielewa kila neno. Alisema kosa ni lake. Alisema mkono wake ulitetemeka, na macho yake si mazuri. Wakili akauliza kitu, Papa akajibu, "Hapana, hakuna mtu mwingine aliyeigusa fomu. Ni mimi."

Nilimsikia, na moyo wangu ukajaa fahari. Nilidhani ameielewa hila yangu, kwamba sasa tuko wawili ndani yake, na kwamba anamdanganya karani kwa ajili yetu.

Mwezi haukuisha. Siku moja ya Jumanne alikwenda Croydon kama kawaida na shati lake lililopigwa pasi. Siku hiyo ni Mama aliyekuja kunichukua shuleni, bado na sare yake ya kazi. Nyumbani simu ililia, akaipokea, akasikiliza, akasema "ndiyo" mara nyingi, kisha akaketi sakafuni kati ya jokofu na mlango. Papa alikuwa amezuiliwa kule Croydon. Tulizungumza naye kwa simu mara mbili wiki ile, na kila mara aliniuliza nimesoma nini shuleni. Mara ya tatu alikuwa Kinshasa. Walikuwa wamempandisha ndege.

Sasa sikilizeni jinsi mtoto anavyofikiri. Sikujilaumu kwa kubadilisha jina. Nilijilaumu kwa sababu sikulibadilisha vya kutosha. Niliikumbuka ile kadi aliyoionyesha dirishani, ambayo jina lake lilikuwa limekaa sawasawa, na sikuwa nimeigusa. Nililia kwa ajili ya kadi ile mpaka nikapata homa, na Mama hakuweza kuelewa ninaongelea kadi gani. Nilipopona nilikichukua kitabu cha bibi wa bata, nikakitia katika pipa la takataka chini ya jengo. Vile vinne vingine Mama aliwapa watoto wa kanisani. Nikaacha kusoma Kiswahili. Mama aliposema nami kwa Kiswahili nilimjibu kwa Kiingereza, naye alikuwa amechoka mno kunirekebisha.

Papa alirudi Bukavu, akapata darasa la kufundisha. Miaka ya mwanzo tulimpigia Jumapili kwa zile kadi za simu mnazozikumbuka, za kukwangua namba, sauti inarudi mara mbili na dakika zinaisha katikati ya sentensi. Nilimwambia niko salama. Aliniambia nisome kwa bidii. Polepole maneno yangu ya Kiswahili yalipungua, mpaka Jumapili moja nikashindwa kumweleza hata jambo dogo lililonitokea shuleni, nikampa Mama simu.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu nilipoelewa. Rafiki yangu wa darasani aliniomba nimsaidie mama yake kujaza fomu ya nyumba, na yule mama akanionya nisikosee hata herufi moja, kwa sababu jina lisipolingana watasema wewe si wewe. Nilishika kalamu ile hewani. Nikawaambia nimesahau kitu nyumbani, nikaondoka, nikatembea mpaka miguu ikauma.

Tangu siku hiyo nilianza kujifunza Kiswahili upya, kwa kaseti, kwa kamusi, kwa kuwasikiliza watu ndani ya basi. Nilijiambia kwamba nikiweza kuongea kama zamani, nitamwambia. Niliweza. Nikawa mkalimani. Nimewatafsiria watu mambo mazito kuliko hilo, nimemwambia mgeni kwa sauti tulivu kwamba mwanawe hataamka. Lakini kila Jumapili nilimuuliza Papa kuhusu mvua, wanafunzi, kisukari chake, na yeye akaniuliza kama ninakula vizuri. Mara moja tu, mwaka jana, alisema, "Mama, uko na jambo unataka kuniambia?" Nikasema hapana. Akasema, "Haya. Mimi nipo." Alikufa miezi minne baada ya hapo, asubuhi, kabla ya kwenda darasani. Mama na mimi tulitazama mazishi kwenye simu yangu, picha ikikatikakatika.

Kwa hiyo siku ile nilipotoka dukani sikungoja basi. Nilitembea mpaka kwa Mama, katika fleti ile ile. Nilimkuta jikoni akichambua sombe, majani ya muhogo.

"Ulisha kula?" aliniuliza bila kugeuka.

"Mama," nikasema, "mimi ndiye niliyebadilisha jina la Papa kwenye fomu."

Mikono yake ilisimama. Nilimweleza yote, bado nimesimama na koti lililoloa. Nilipomaliza alivuta kiti kwa mguu, akanionyesha niketi.

"Alijua," alisema. "Siku ile ile ya barua. Aliniambia, na akanikataza nisikuambie kitu, maisha yako yote. Akasema mtoto alikuwa anamuficha."

"Na wewe?"

"Mimi nilikukasirikia." Alisema hivyo polepole, akiyatazama majani mezani. "Mwaka, miaka miwili. Nilikuwa nakusuka nywele na nina hasira na wewe. Kisha nikachoka."

Nilimuuliza kama ndiyo iliyokuwa sababu. Alisema hajui. Wakili alimwambia kesi ilikuwa mbaya tangu mwanzo, kwamba jina lilikuwa jambo moja kati ya mengi, lakini labda wakili alitaka tu kumtuliza. "Njo vile," akasema, yaani ndivyo ilivyo. "Hatutajua." Sikutarajia aniambie zaidi, nikainuka kuchukua maji. Ndipo aliposema, nyuma yangu:

"Ile Jumanne hakutaka kwenda. Alisema moyo wake unakataa. Alikaa hapo kwenye kitanda na soksi moja mkononi. Mimi ndiye nilimwambia aende. Nikamwambia asipoenda itakuwa mbaya zaidi. Nikamvalisha shati mimi mwenyewe, nikamfunga vifungo."

Niligeuka. Mama hakuwa akilia. Alikuwa amekunja mikono mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Hujawahi kuniambia," nikasema.

"Na wewe hujawahi kuniambia."

Miaka ishirini na mitatu tumekula pamoja, tumesali pamoja, tumegombana kuhusu nguo na wanaume, na kila mmoja wetu alikuwa na hakika kwamba ni yeye aliyempandisha Papa ndege ile. Nikaketi. Tukachambua yale majani, nikiyakata vibaya, naye hakunirekebisha.

Baada ya muda akauliza, "Ulikuwa na miaka mingapi wakati ule?"

"Minane."

"Minane," akarudia, taratibu, kama neno la lugha nyingine. Alinitazama usoni, na nadhani hakuwa akiniona mimi wa leo. "Minane tu."

"Na wewe, Mama?"

Alifikiri. Ilibidi ahesabu.

"Ishirini na tisa," alisema.

Mimi nina thelathini na moja. Sikuwa nimewahi kuhesabu.